Mbwa amekula sumu, damu yake haiwezi kusafishwa kwa mashine?

"Dokta habari za kazi. Niko Kigamboni, Kibada. Jumapili usiku kama saa nane hivi mbwa wangu mmoja alianza kutoa mate mengi, akaharisha, mwili ukawa unatetemeka. Tukampa maziwa na mkaa wa kusaga lakini nusu saa haikufika akafa. Mwenzake alitapika na kuyumba tu, asubuhi tukampeleka kliniki wakamchoma sindano na kumtundikia dripu mbili, wakasema dripu itasafisha damu. Leo siku ya tatu anakula kidogo. Uani tumekuta vipande vya nyama vina punje nyeusi nyeusi, ila jirani naye anasema wiki iliyopita alimwaga sumu ya panya ya pinki. Shemeji yangu yuko Marekani anasema huko mbwa akila sumu anawekwa kwenye mashine anasafishwa damu kama wagonjwa wa figo. Je yule wa kwanza angepona? Na huyu aliyebaki naweza kuomba hata hospitali ya watu wamsafishe, hela nitatafuta? Watoto wanalia na mimi najiona nilizembea."

Pole sana kaka, wewe na watoto. Naanza na hilo la kuzembea maana naona ndo linalokukosesha usingizi. Mbwa aliyeanza kutoa mate saa nane usiku na kufa kabla ya saa nane na nusu, hata kama hiyo mashine ya shemeji yako ingekuwa imewekwa sebuleni kwako asingepona kwa hiyo mashine. Sisemi hivi kukufariji. Kuna sababu zake, na nataka uzielewe vizuri maana zinahusu pia huyu uliyebaki naye, ambaye kiukweli mimi ndo ninamuwaza zaidi sasa hivi.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. "Kusafisha damu" kwetu hapa linatumika kwa kila kitu, anayeuza dawa za majani Kariakoo anasafisha damu, shubiri inasafisha damu, mwarobaini unasafisha damu, dripu inasafisha damu, halafu mgonjwa wa figo naye akienda hospitali mara tatu kwa wiki tunasema anasafishwa damu. Hayo ni mambo tofauti kabisa na ni hilo la mwisho tu ambalo kweli linachuja kitu kutoka kwenye damu. Wapo wanaomchanja mbwa sikio "damu chafu itoke", nimeletewa wa hivyo, masikio yote mawili yanavuja na sumu bado iko palepale. Kama ile sumu ilikuwa ya kuzuia damu isigande, basi umemuongezea tobo la kufia.

Sasa hiyo mashine. Umeshawahi kuona mama anakamua tui kwa kifumbu? Tui linapita, machicha yanabaki. Dayalisisi, yaani huko kusafishwa damu kwa mashine, ndo hivyohivyo, damu inatolewa kwenye mshipa mkubwa wa shingo kwa mpira wenye njia mbili, inapitishwa kwenye chujio lenye vitundu vidogo sana, upande wa pili kuna maji yenye chumvi zilizopimwa, vitu vidogovidogo vinavyoyeyuka kwenye maji vinavuka kwenda upande wa pili, damu inarudi mwilini. Chembe za damu na protini ni machicha, zenyewe hazipiti. Kwa hiyo sumu ndogo inayoelea peke yake kwenye maji ya damu inatoka vizuri, ila sumu inayopenda kung'ang'ania protini inabaki na machicha na unaweza ukazungusha mashine mpaka asubuhi usipate kitu. Kwa sumu ya namna hiyo wenzetu wanatumia njia nyingine, ama wanapitisha damu kwenye kopo lenye mkaa maalumu unaonasa sumu, ama wanamwaga kabisa ile plazima (yale maji ya njano ya damu) pamoja na protini zake na kumrudishia mbwa plazima ya mbwa mwingine. Yaani tui lote linamwagwa linakamuliwa jipya. Kazi nzito na ghali.

Na wala sio maajabu ya juzi. Mwaka 1913 kule Baltimore, Marekani, John Abel na wenzake Rowntree na Turner walipitisha damu ya mbwa kwenye vimirija vya chujio, na moja ya vitu walivyoonyesha kwamba vinatoka ni salisileti, jamaa wa aspirini, na ili damu isigande walitumia kitu kilichotolewa kwenye ruba. Binadamu wa kwanza alifuata 1924 kwa Georg Haas huko Ujerumani, na ile mashine ya Willem Kolff wa Uholanzi inayosifiwa sana ni ya 1943. Kwa hiyo mbwa ndo aliyetangulia kwenye hili jambo, sisi tukaja nyuma yake. Leo hospitali kubwa za mifugo kama ile ya chuo kikuu cha California pale Davis zinafanya kazi hii, shemeji yako hajakudanganya.

Alichoacha kukwambia ni kwamba inategemea sumu iko wapi. Chukua ndoo ya maji utie chumvi, ukibadilisha maji mara mbili tatu chumvi imekwisha. Sasa chukua ndoo nyingine yenye nguo umwagie mafuta ya taa, badilisha maji unavyotaka, nguo bado zinanuka. Kuna sumu za ndoo ya kwanza na kuna sumu za ndoo ya pili, na sumu nyingi zinazoua mbwa hapa Dar ni za ndoo ya pili, zinaondoka kwenye damu haraka zinaenda kukaa kwenye mafuta, kwenye neva, kwenye ini. Mashine inaosha maji tu, nguo haizigusi.

Yule wako wa kwanza kwa maelezo yako, mate, kuharisha, kutetemeka, ndani ya nusu saa, na zile punje nyeusi kwenye nyama, hiyo ni picha ya zile dawa za kuua wadudu za jamii ya kabameti au oganofosfeti. Humo ndo wamo kina aldikabi na kabofurani, ambayo ndo ile Furadan iliyoua simba Kenya mpaka 2009 kampuni yake ikaamua kuiondoa sokoni Afrika Mashariki. Vibaka wanazipenda kwa sababu zinaua haraka na punje yake ni ndogo inafichika kwenye nyama. Zinavyofanya kazi ni hivi: neva ikitaka kuamrisha msuli inatuma kemikali, halafu kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiondoa ile kemikali ujumbe ukishafika. Fikiria daladala ambayo konda anashusha abiria kila kituo. Sumu inamfunga konda mikono, abiria wanapanda tu hakuna anayeshuka, gari linajaa mpaka milango inagoma. Ndo hayo mate, machozi, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kucheza, na mapafu kujaa majimaji ambayo ndiyo yanayomuua, mnyama anazama akiwa nchi kavu.

Hapo konda ameshafungwa, wewe unachuja barabara itakusaidia nini? Dawa ni atropini, ambayo inafunga vile vituo abiria wasipokelewe, na kama ni oganofosfeti kuna pralidoksimu ambayo inajaribu kumfungua konda ikiwahi. Atropini ipo kwenye kliniki nyingi na sio ghali. Tatizo ni kiasi. Dozi ya kumkomboa mbwa wa sumu ni mara kumi hivi ya ile tunayotumia kabla ya upasuaji, mbwa wa kilo 25 anaweza kutaka miligramu 5 kwa kuanzia, hiyo ni ampuli tano zile za miligramu moja moja, na baadaye unarudia ukiangalia kama kifua kimekauka. Daktari akiogopa akampa moja, amempa kuonja. Kwa hiyo swali la maana kuuliza kliniki ya karibu na kwako, kabla hujapata shida tena, ni "mna atropini ampuli ngapi na usiku nampigia nani", hilo la dayalisisi weka pembeni.

Kuhusu kwenda hospitali ya watu. Kaka nakuelewa, na mashine kweli ni zilezile, hata huko nje wanazotumia kwa mbwa nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Lakini usiende kuomba. Pale kuna foleni ya watu ambao wakikosa mzunguko mmoja wanavimba, vifaa vikigusa damu ya mnyama ni suala la maambukizi, na hakuna nesi wa kawaida anayejua kumuwekea mbwa mpira wa shingo. Halafu kuna hesabu ya damu yenyewe. Mbwa ana damu kama mililita 80 mpaka 90 kwa kila kilo, wa kilo 25 ana lita mbili na kidogo, mirija na chujio la mtu mzima vikishika mililita 200 anavumilia. Mbwa wa kilo 6 ana nusu lita tu, ukimtoa mililita 200 nje ya mwili kwa mpigo umemwangusha presha kabla sumu haijamalizia, inabidi mirija ijazwe kwanza damu ya mbwa mwingine. Anawekewa heparini damu isigande, anakaa hapo masaa, anaweza kuvuja damu, na akiwa na uchafu mwingi ukiutoa kwa haraka sana ubongo unavimba. Bili kule Marekani ni maelfu ya dola. Kliniki ninazofanya nazo kazi hapa mjini hazina huduma hiyo, na kwa sumu aliyokula mbwa wako nisingekushauri hata ingekuwepo mtaa wa pili.

Wapo ambao ningewapigania wapate mashine. Wa kwanza ni mbwa aliyekunywa kulanti ya gari, maji ya kupozea injini, ile ya kijani yenye etilini glaikoli, tamu kidogo, gereji za uani zinaimwaga chini mbwa analamba. Hiyo ni sumu ya ndoo ya kwanza kabisa, molekuli ndogo, inaelea, mashine inaitoa vizuri mno ikiwahi. Masaa ya mwanzo anakuwa kama mlevi, watu wanacheka, halafu anapata nafuu, wanasema amepona, na siku moja mpaka tatu baadaye figo zinazima kwa sababu ini limeshaigeuza ile kulanti kuwa asidi na vijiwe vinavyoziba figo. Nilishaletewa mmoja wa gereji siku ya pili, hakojoi hata tone, mwenye mbwa anashangaa maana "jana alikuwa anacheza". Kwa hiyo dawa ipo kwenye yale masaa ya ulevi. Kuna dawa inaitwa fomepizoli, na isipokuwepo daktari anaweza kutumia pombe safi kwa mshipa kwa vipimo, pombe inalikalia ini lisiigeuze kulanti. Kwa vipimo na kwa mshipa nimesema, usije ukamnywesha konyagi nyumbani ukasema mimi ndo nimekuruhusu.

Wengine ni waliopewa dawa za maumivu za binadamu. Hili hapa Dar ni janga aisee, mbwa anachechemea mtu anampa diklofenaki, siku mbili tatu anatapika damu na figo zinaanza kugoma. Hizi zinashikana sana na protini, ndo zile za machicha, kwa hiyo ni ile ya kumwaga plazima ndo inazitoa. Hapa kwetu tunapambana kwa dripu na dawa za kulinda tumbo, na wengi waliowahi wanapona. Ila mashine haiwafai wale wanaochomwa ivamektini ya ng'ombe kwa ajili ya kupe, mkono wa mchomaji ukiwa mzito mbwa anapofuka na kulala kama maiti. Ivamektini inapenda mafuta, dayalisisi haina habari nayo, lakini kuna dripu ya mafuta, nyeupe kama maziwa, ile ya asilimia 20 wanayolishia wagonjwa mahututi kwa mshipa, ambayo inaaminika inavuta sumu za namna hiyo kutoka kwenye ubongo. Haishiki kila mara, nimeona ikiamsha mbwa na nimeona ikishindwa, ila ni bei ya kawaida na haihitaji mashine. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila kliniki Dar iwe nacho kwenye kabati ni hicho.

Na dripu ya kawaida? Haisafishi damu. Inaweka maji mwilini, inashikilia presha, figo zipate damu ya kutosha zifanye kazi yake ya kuchuja, kwa mbwa aliyeharisha na kutapika ni muhimu sana. Ila haimtoi mbwa kwenye hatari kwa kuwa tu ametundikiwa mbili, na kwa sumu inayojaza mapafu maji, dripu nyingi za haraka zinaweza hata kuongeza tatizo. Ile sindano aliyochomwa mbwa wako asubuhi ile, uliza ilikuwa ya nini. Kama ni atropini basi walijua wanachofanya.

Maziwa hayazimi sumu, sijui hii imetoka wapi lakini kila nyumba inaamini. Sumu inayopenda mafuta inaweza hata kupata usafiri mzuri zaidi, na mbwa anayetetemeka ukimmiminia maziwa yanaingia mapafuni. Mkaa wa jikoni nao sio ule wa hospitali, ule umechomwa kitaalamu mpaka una matundu mamilioni ya kunasia sumu na tunampa gramu 1 mpaka 2 kwa kilo, wa jikoni unampaka tu mdomo. Chumvi ya kutapishia usimpe kamwe, inaua yenyewe. Kutapisha kunafaa kama umemuona amekula muda huohuo, bado yuko timamu, na umeongea na daktari kwenye simu. Akishaanza kucheza misuli ni kumbeba tu, kichwa kielekee chini kidogo mate yatoke, umevaa glovu au umejifunga mfuko wa plastiki mikononi maana hizi sumu zinapita kwenye ngozi yako pia, na kutoka Kibada usiku usisubiri pantoni, pita darajani huku mwingine anapiga simu daktari aamke.

Zile nyama zilizobaki zifungwe kwenye mifuko miwili, mbali na chakula cha watu, watoto wasiguse. Ukitaka kuipeleka kesi mbele anzia polisi, sampuli inapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo. Aliyekufa mfukie chini sana, kunguru na mapaka wakimfukua wanakufa na wao.

Sasa huyu aliyebaki. Kilichonishtua kwenye barua yako ni jirani na sumu yake ya pinki. "Sumu ya panya" ni jina la dukani, sio jina la kemikali, machinga anaweza kukuuzia chini ya jina hilo zile punje nyeusi zinazoua kwa nusu saa au zile za pinki na bluu za jamii ya brodifakumu ambazo zinafanya kazi tofauti kabisa. Hizo zinalizuia ini lisitengeneze vitu vya kugandisha damu. Mbwa anakula leo, kesho mzima, keshokutwa mzima, siku ya tatu mpaka ya tano au hata zaidi anaanza kuvujia ndani kimyakimya. Na mbwa wako yuko siku ya tatu tangu Jumapili, huku ya jirani imemwagwa toka wiki iliyopita. Inawezekana hakuigusa kabisa. Lakini kubahatisha hapa hakuna sababu, maana kipimo kipo na dawa ipo.

Mpeleke leo, waambie wapime muda wa kuganda damu, ule wa PT kama maabara yao inao. Kama haupo wachukue damu kwenye kichupa kikavu cha kioo watulie dakika 20, ikiwa bado ni maji hiyo ni dharura, ingawa ikiganda haikutoi wasiwasi wote, inabidi irudiwe kesho na keshokutwa. Dawa ni vitamini K1, iwe K1 sio K3, vidonge pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, na hizi sumu mpya zinakaa mwilini muda mrefu kwa hiyo anakula vidonge wiki nne hivi, halafu siku mbili tatu baada ya kuacha anapimwa tena. Wengi wanaacha wiki ya kwanza kwa kuwa mbwa anarukaruka, halafu wanampoteza wiki ya pili. Ile ya sindano asichomwe kwenye mshipa, inaweza kumletea mzio mkali.

Kingine, sumu za oganofosfeti zina tabia ya kurudi kwa mlango wa nyuma kati ya siku ya kwanza na ya nne, shingo inalegea, hawezi kuinua kichwa, anapumua kwa shida bila mate wala kuharisha. Ukiona hivyo, au ufizi umepauka, au kinyesi cheusi kama lami, au madoa mekundu tumboni, au anakohoa ghafla, usiandike tena kuniuliza, beba mbwa. Na upite kwa jirani kabla ya kutoka umuombe ile pakiti ya pinki, uipige picha pande zote mbili, daktari ataisoma kwanza kabla hata ya kumshika mbwa.